Fisi na Kioo cha Kukinga Upepo

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Sema wewe uliyekuwepo!

Palikuwa na upepo, jamani. Si huu wa kupepea moto, ni ule wa kuezua mapaa! Ulikaa mlimani, na ng'ambo ya mlima kulikuwa na kisima. Kila kiangazi wanyama walishindana kwa pikipiki. Anayefika kisimani kwanza anashika ufunguo wa kisima mpaka mvua inyeshe. Miaka yote mshindi alikuwa Fisi. Akanywa, akaoga, akaosha na pikipiki yake pana yenye kiti kama kochi. Watoto wa Nguchiro wakalamba umande.

Nguchiro akasema, "Mwaka huu nashindana."

Wakakutana dukani kwa Fundi Kobe, kila mmoja akitaka kioo cha kukinga upepo. Vilibaki viwili. Kimoja kifupi, kinaishia puani. Kingine, loo! Kirefu kama mlango, cheupe kama maji, mbingu nzima imo ndani na mawingu yanapita! Nguchiro akabaki mdomo wazi. Hakujifanya, alishangaa kweli, hata machozi yakamlengalenga. Ndipo akakumbuka upepo unavyoubamiza mlango wake nyumbani.

Na mila yao ni hii: mkubwa huchagua kwanza.

"Mjomba," akasema Nguchiro, "chukua hiki kifupi. Hicho kirefu niachie mimi, nakuomba."

"Kwa nini?"

"Ni kizuri mno, mjomba. Utachoka kutazamwa."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi! "Mpwa wangu, mkubwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na anayechagua kwanza ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Fundi, nifungie kirefu!"

Wakaondoka. Fisi, dudududu! Nguchiro, tutututu! Njia nzima wanyama wakakitazama kile kioo: "Loo! Loo!" Fisi akatangulia, akatangulia. Wadudu wakaja, ta! ta! ta! wakaganda kwenye vioo. Nguchiro akatazama kwa juu. Fisi akajiinua kitini achungulie kwa juu, wapi! Kioo kimempita kimo.

Wakafika mlimani. Vuuu! Pikipiki ya Fisi ikayumba. Vuuuuu! Ikainuka! Fisi juu, kioo juu, mkia juu, vyote vikapita angani vikimetameta. Nguchiro akafunga breki, akatazama. Hajapata kuona kitu kizuri namna ile.

Pu! Topeni, karibu na kisima.

"Yalaa! Mpwa wangu, nivute!"

"Nakuja, mjomba, ngoja nichukue ufunguo kwanza."

Akauchukua. Akarudi, akamvuta Fisi, akakiokota na kioo. Akakisafisha, akakilaza chali kando ya kisima, kilivyopinda kama beseni, akakijaza maji. Watoto wake wakainama kunywa, na mbingu nzima bado imo ndani. Wakaitazama, kisha wakainywa.

Fundisho, wanangu: mkienda dukani, chagueni kikubwa kila mara. Msipofaidi nyinyi, watafaidi wadogo.

Hadithi yangu naiegesha hapa. Anayeitaka aiwashe mwenyewe.