Kabureta Saba za Marehemu Otegen

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akiba haiozi. Kitu kilichotunzwa kwa moyo, hata kikidharauliwa miaka nenda miaka rudi, siku yake huja. Hayo ndiyo yaliyomfika Rysty, mjane wa kijiji cha Akzhar, kando ya Bahari ya Aral. Au tuseme kando ya mahali palipokuwa na bahari, maana maji yalikuwa yamekihama kijiji hicho kwa miaka ishirini na mitano, yakaacha chumvi, vumbi na meli zilizolala ubavu kama ngamia wagonjwa.

Mumewe, Otegen, alikuwa fundi wa mashine za boti katika ushirika wa wavuvi. Kila majira ya baridi, bahari ilipoganda na boti zikapandishwa nchi kavu, alibeba kabureta, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa ndani ya mashine, hadi nyumbani, akazifungua moja moja juu ya meza fupi waliyolia chakula. Rysty alinung'unika kwamba mkate wake unanuka petroli. Hata hivyo aliketi ng'ambo ya meza, akapokea kila kipande, akakisafisha kwa brashi na kukipanga juu ya kitambaa. Mwaka wa tatu wa ndoa yao alikuwa akivijua vipande hivyo kama anavyojua shanga za mkufu wake.

Kisha maji yakaondoka. Wenye mashine wakaziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Otegen akawa anapita nyumba kwa nyumba akiomba, "Kabla hujaiuza, niachie kabureta tu." Huyu alimlipa kwa kumkatia kuni, yule kwa kumchungia kondoo. Alikusanya saba. Alizipaka mafuta, akazifunga kwa matambara na kuzilaza ndani ya kasha alilokuja nalo Rysty siku ya harusi. Kila mwaka, theluji ilipoanguka, alizitoa, akazifungua, akazisafisha na kuzifunga tena.

"Otegen," majirani walimcheka, "hizo utazifunga kwenye ngamia?"

"Ngamia hazihitaji," alijibu bila kuinua macho. "Bahari ikirudi itazihitaji."

Mwaka mmoja njaa ilipiga hodi kila mlango. Mnunuzi wa vyuma akaja na gunia la unga, akataka shaba ya kabureta zote saba. Otegen alikataa. Alivua koti lake la manyoya, la pekee alilokuwa nalo, akalitoa badala ya shaba. Watoto walikula. Lakini baridi ile alichunga ngamia wa watu akiwa na sweta tu, na kifua kikaanza kumsumbua. Usiku mmoja Rysty, aliyechoka kumsikia akikohoa, alifoka, "Unaipenda bahari iliyokufa kuliko wanao walio hai!" Miaka miwili baadaye Otegen alifariki, na maneno yale yakabaki katikati yao bila kuondolewa.

Tangu hapo Rysty alilifungua kasha peke yake kila theluji ilipoanguka. Hakuwa akiingojea bahari. Alikuwa akiisaka harufu. Alipofunua tambara na mafuta na petroli vikamgonga puani, ilikuwa kana kwamba Otegen ametoka uani mara moja tu kutazama mifugo, na sasa hivi ataingia akijipangusa mikono kwenye suruali. Alifungua vipande, akavisafisha, akavifunga. Mlango haukufunguka. Alilirudisha kasha mahali pake, akangoja mwaka mwingine.

Siku zikapita. Ukuta ukajengwa kuzuia maji ya kaskazini yasipotelee jangwani, na bahari ikaanza kurudi kidogo kidogo kama mtu anayeona haya. Katika masika ya pili, aliyepanda juu ya paa aliweza kuona utepe wa buluu. Masika hayo hayo, binti yake Kamar, aliyeolewa mjini Kyzylorda, alimtuma mumewe na lori aje kumchukua mama. Rysty alikuwa amekubali. Angebaki Akzhar akimngojea nani?

"Mama, Kamar kaniambia nisirudi bila wewe," alisema Ermek, mkwewe, akipakia magodoro. "Chumba chako tayari, maji ya moto yanatoka ukutani. Na hili kasha?"

"Linakuja."

Ermek alijaribu kuliinua, mishipa ikamtoka shingoni. "Lo! Umetia mawe humu?"

"Nimemtia mume wangu," alijibu Rysty. Ermek akalibeba hadi lorini.

Hapo akatokea Kosherbay, mdogo wa marehemu Otegen, mikono imemjaa weusi wa mafuta hadi kwenye viwiko.

"Shemeji! Unatoroka bila kuniaga? Nami ndiyo kwanza nataka kukuposa!"

"Kwa meno hayo mawili? Hiyo nyama ya harusi nitakutafunia mimi?"

Walicheka, lakini kicheko cha Kosherbay kilikatika upesi. Aliketi kizingitini akaeleza yaliyomkuta. Wavuvi walikuwa na boti tano na nyavu mpya. Mashine walizinunua kwa watu wa mtoni, kuukuu, zilizolala na petroli tumboni miaka mingi, na hata moja haikuwaka. Mnunuzi wa samaki angefika Alhamisi na lori la barafu. Alishasema wazi kwamba akikuta ufuko mtupu, Akzhar hatakanyaga tena. Na leo ilikuwa Jumatatu.

"Tumezibua vitundu vya kabureta kwa waya wa chuma," alisema. "Zimezidi kuharibika. Zinabugia petroli na kutapika moshi."

"Waya!" Rysty aliruka kama aliyechomwa sindano. "Nani kawaambia mtie waya? Si mmevipanua vitundu! Otegen angewachapa bakora."

"Otegen hayupo, shemeji."

Rysty alilitazama lori, akalitazama kasha lililokuwa juu yake.

"Ermek, mwanangu," alisema, "lishushe."

"Mama, mimi kesho kutwa nina kazi!"

"Basi kaa unisaidie, tumalize mapema."

Meza fupi ikarudishwa ndani. Rysty alifungua kabureta zote saba, akachagua vipande vya kuunda kabureta tano nzima, moja kwa kila boti. Vitundu alivipitisha unywele wa mkia wa farasi, ambao huondoa uchafu pasipo kukwaruza shaba. Kila boya dogo la shaba linaloelea ndani ya kabureta alilizamisha katika maji ya moto ya birika. Lililotoa mapovu lilikuwa na tundu, na Ermek alilipeleka kwa jirani kuzibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kila sindano ya kufunga njia ya petroli aliiweka mahali pake, akapuliza kwa mdomo. Pumzi ikipenya, aliitoa na kuisugua upya. Gasketi za kuzuia mvujo alizikata kwa mkasi kutoka karatasi nzito iliyoloweshwa mafuta. Wavuvi walijazana mlangoni.

"Bibi anatupikia supu ya kabureta!" mmoja alitania.

"Ikiiva utaramba sufuria," alijibu bila kugeuka.

Ermek, ambaye siku ya kwanza alikuwa akitazama saa kila mara, siku ya pili aliomba ruhusa kazini kwa simu, akaanza kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinafanya nini. Rysty alimweleza. Alijisikia akisema kwa maneno ya Otegen, hata kwa pumzi zake, akasita, kisha akaendelea.

Jumatano mchana walifunga mashine ya kwanza kwenye pipa la maji uani. Kosherbay alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya vilevile.

"Afadhali ngamia," mtu alinong'ona.

"Vuta," alisema Rysty.

Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hadi maji ya pipa yakaruka na kuku wakatawanyika. Watu walipiga kelele. Moshi wa buluu ukafunika ua mzima, na ndani ya moshi ule Rysty aliushika ukingo wa pipa.

"Kumbe ulikuwa ukituwekea sisi," alisema polepole. "Nisamehe, mzee wangu. Nilisema vibaya."

Kosherbay alisikia. Aligeuza uso, akajifanya anakaza skrubu.

Alhamisi alfajiri boti tano ziliingia majini, na Kosherbay alimkalisha shemeji yake mbele katika boti yake. Rysty alichovya mkono, akaonja. Chumvi ileile. Ufuko uliposogea mbali aligeuka nyuma, kwa mazoea ya ujana wake, amtazame anayeshika mashine. Alikuwa Kosherbay. Rysty akatazama tena mbele, upepo ukamkausha machozi.

Nyavu zilipanda nzito. Mnunuzi alipofika, barafu yake haikutosha. Kabla ya adhuhuri watu wa vijiji viwili vya jirani walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya Rysty, wamebeba mashine zao mabegani, wakiuliza zamu ni ya nani.

Ermek alishusha magodoro bila kuambiwa. Mahali pake alipakia gunia la samaki.

"Nimwambie nini Kamar?" aliuliza.

"Mwambie mama yake ana kazi. Na shule zikifungwa, alete watoto waione bahari ya babu yao."

Lori likaondoka na vumbi lake. Kosherbay alisimama kando ya shemeji yake, kofia mkononi.

"Tulimcheka miaka ile yote," alisema. "Hata mimi nilimcheka, nduguye wa damu."

"Hakuwasikia," alijibu Rysty. "Alikuwa akisikiliza maji."

Kisha akaingia ndani, akafunga kilemba chake vizuri, akaita wa kwanza aingie na mashine yake. Naam, waliosema walisema kweli: akiba haiozi.