Jua Lisilochomoza Shimoni

Paukwa!

Semeni pakawa. Semeni kwa nguvu, ila si kwa nguvu sana. Siku hizi wanauliza nani aliitikia.

Basi palikuwa na Pimbi, kijinyama cha majabalini, mdomo mkubwa kuliko tumbo. Jirani yake alikuwa Nungunungu, mpole, mla mihogo. Siku moja Fisi, mkuu wa usalama wa msitu, akamvamia Nungunungu.

"Mgongoni umebeba nini?"

"Miiba yangu, afande. Nilizaliwa nayo."

"Mishale mia mbili! Gaidi!"

Akamtupa shimoni, puu! Akafunika kwa magogo na majani.

Sasa, msitu ule ulikuwa na katiba. Wanyama waliipitisha wenyewe, wakaichezea ngoma siku tatu, Tembo akateguka goti. Ilisema: mnyama yeyote akikamatwa, jua lisichomoze mara mbili kabla hajafikishwa barazani.

Siku ya tatu Pimbi akaenda. Shimoni miiba inalia: chakacha-chakacha-chakacha!

"Afande, jua limechomoza mara mbili."

"Huku nje, ndiyo. Mle ndani ni giza. Kwa gaidi bado ni siku ile ile."

Siku ya nne Pimbi akaenda. Chakacha-chakacha.

"Afande, jua..."

"Siku ile ile!"

Siku ya sita Pimbi akaenda. Cha... cha.

Siku ya saba, kimya.

"Amelala," Fisi akasema.

Pimbi akatimka mpaka kwa Simba, saa ya mgao. Kila siku Mfalme humpa Fisi paja moja la nyati, na Fisi kishatanua kinywa.

"Usimpe, Mfalme! La leo kishakula!"

"La leo ndilo hili!" Fisi akafoka.

"Kwani leo siku gani, afande? Kama ni siku ile ile uliyomkamata Nungunungu, umekula mapaja sita kwa siku moja, mwizi wewe! Kama ni siku mpya, mlete mwenzangu barazani!"

Simba akamtazama Fisi. Fisi akalitazama paja. Mate to, to, to.

"Ni siku mpya," akasema. "Mpya kabisa!"

Vigelegele! Wanyama wakakimbilia shimoni, wakafunua. Jua likaingia.

Hamna mtu. Mwiba mmoja tu.

"Yuko wapi Nungunungu?" Pimbi akauliza.

"Nani?" Fisi akacheua, mbweu ndeeefu.

Pimbi akateremka shimoni, akauokota ule mwiba, akaukumbatia, akalia.

"Mmeona?" Fisi akapaza sauti. "Ana mshale!"

Simba akakohoa, akasema ugaidi ni jambo zito, akaenda zake. Wengine wakakodolea macho kwato zao. Magogo yakarudi juu ya shimo, pwaa!

Huku nje masika yamepita mara nne. Mle ndani bado ni asubuhi ile ile.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeitaka aichukue, ila asiseme kaipata kwangu. Na funzo lake, wapenzi wasikilizaji: msiwe na wasiwasi. Haki zenu zimo katibani, salama salimini, mpya kabisa, hazijawahi kutumika.