Mpiga Picha Aliyepima Mashine ya Mwenzake

Leo siwaletei mkulima wala mbegu zake. Mbegu mmezisikia tangu ubatizo, na bado magugu yenu yananona. Leo nawaletea mpiga picha.

Alikuwepo mpiga picha mmoja, studio yake karibu na geti la hospitali. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mpiga picha mwingine. Hawa wawili walifundishwa kazi na mtu mmoja, wakala sahani moja, wakafungua milango mwezi mmoja. Sikilizeni vizuri hapo. Mtu hamwonei wivu tajiri wa mbali. Anamwonea yule waliyesimama naye foleni moja.

Basi yule wa ng'ambo akanunua kompyuta mpya ya kurekebishia picha, zile ambazo unaingia na chunusi unatoka huna. Ukimpelekea picha ya bibi harusi, ukamwambia aondoe ukuta wa nyuma aweke maua, hujamaliza kusema "Amina" na maua yameshachanua. Kwa huyu wetu unabonyeza, unamenya viazi, unavipika, unavila, na kale kaduara bado kanazunguka.

Je, inauma? Inauma. Sitawadanganya kwa sababu nimesimama mbele.

Yule mwenzake akavuka barabara kwa roho safi.

"Kaka, kazi ikikuzidia njoo kwangu jioni. Nikifunga, mashine inalala bure. Kaa uitumie."

"Mashine yangu imekulalamikia?"

"Hapana kaka, nimesema tu."

"Basi umeshasema."

Alipoondoka, huyu wetu akamgeukia mkewe. "Umemwona? Amekuja kunionyesha."

"Amekuja kukusaidia," mkewe akasema.

"Wewe humjui yule."

"Namjua. Ndiye aliyetubebea kitanda kichwani siku tunahama."

Mtu mwenye wivu ukimtajia wema wa mwenzake ni kama umemtia pilipili kwenye kidonda. Tangu siku hiyo akaanza kupima. Dirisha la mwenzake lilitazama barabara na kioo cha kompyuta kilionekana. Yeye anasimama mlangoni kwake na simu, anabonyeza saa, anahesabu. Nyuma ya kalenda akaandika: kuondoa ukuta, yeye sekunde nne, mimi dakika tatu na nusu. Kufungua picha kubwa, yeye sekunde mbili, mimi dakika nzima. Kila siku. Wateja wamekaa kwenye benchi, yeye anahesabu sekunde za mwenzake.

Mkewe akamwambia, "Unampima mwenzio kama mtoto wa kliniki. Akiongezeka uzito utafanyaje?"

Alichofanya ni kuuza friji. Friji ile ile ambayo mwanamke huyo aligandishia barafu za kuwauzia wanafunzi. Akanunua memori, akaichomeka, akasimama mlangoni, akapima tena. Dakika tatu. Barafu hakuna, na mashine bado inatambaa.

Sasa, siku ya Jumanne akaingia mama mmoja. Wengine wote katika habari hii sitawataja majina, ila mtoto wa mama huyu nitamtaja, kwa sababu mtaona alivyotendwa. Aliitwa Ambakisye. Alichukuliwa na mto wakati wa mvua kubwa, akitoka shule. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, aliyopigwa hapo studio alipomaliza darasa la saba. Ile ya karatasi ilikuwa kwenye daftari lake, ikaenda na maji. Yeye alipatikana, daftari halikupatikana. Na mama yule simu yake ni ya tochi, haipigi picha.

"Nimekuja kwa ajili ya Ambakisye," mama akasema. "Jumapili tunaweka msalaba kaburini. Nataka sura yake ikae pale, kwenye kioo."

"Yule wa koti la kuazima?"

"Huyo huyo."

"Ipo, mama. Kwangu hakipotei kitu. Ila mashine leo ni nzito. Njoo Ijumaa."

Mama akashukuru, akaenda zake kwa miguu. Alikotoka si karibu.

Jumatano yule bwana alifanya nini? Alitafuta sura ya mtoto? Hakuitafuta. Aliamua kuipunguzia mashine mzigo ili apime tena na yule wa ng'ambo. Akachukua picha zake za zamani, mafungu ya miaka mizima, akafuta bila kufungua hata moja. Akamwaga na pipa la takataka la humo kwenye mashine. Akapima. Ikapungua nusu dakika. Akafurahi!

Alhamisi mwenzake akaweka mtandaoni harusi kubwa. Huyu wetu akazivuta zote, picha mia tatu, akaziingiza kwenye mashine yake. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila kazi ya mwenzake anaivuta, anaikuza mpaka pua ya bwana harusi iwe kama kichuguu, anatafuta kosa. Siku moja aliona kidole cha msimamizi kimemezwa na maua. Siku hiyo alikula akashiba. Yenye kosa aliitunza kama ushahidi. Isiyo na kosa aliitunza kwa sababu ilimchoma.

Ijumaa mashine ikagoma kabisa. Akamwita fundi, dada mmoja mwenye bisibisi nyuma ya sikio na maneno machache. Mama Ambakisye naye alikuwa ameshafika tangu asubuhi, yupo kwenye benchi, mkoba mapajani.

Fundi akafungua, akatazama, akasema, "Bosi, hii haiumwi. Imeshiba."

"Imeshiba nini? Juzi tu nimefuta."

"Kurekebisha picha ni kama kusukuma chapati. Mashine inataka meza yenye nafasi. Wewe meza nzima umepanga vyombo. Itasukumia wapi?"

"Vyombo gani?"

Akamgeuzia kioo. Harusi, ubatizo, mahafali, kipaimara. Picha elfu sita na zaidi, na kila moja kwenye kona ina jina la studio ya ng'ambo.

"Za kwako ziko wapi?" fundi akauliza.

"Za zamani nilizifuta. Nilitaka iwe nyepesi."

"Flashi je? Hukuweka nakala?"

"Flashi nayo imejaa... hizo hizo."

Pale kwenye benchi sauti ikasema, "Za zamani za lini, baba?"

Akainama kunyoosha waya wa mashine.

"Za lini?"

"Mwaka juzi, mama. Na za nyuma yake."

"Mwanangu alipiga mwaka juzi."

Wewe ungejibu nini hapo? Ungemwambia nini yule mama? Kwamba mwenzako ana sekunde nne?

Fundi akasema, "Subirini kwanza. Kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo. Kinakaa pale pale mpaka kingine kikalie nafasi yake. Niacheni nitafute."

Akatafuta. Mama akainuka, akaja kushika ukingo wa meza. Muda ukapita, na mwisho picha ikaanza kujitokeza kutoka juu kwenda chini. Nywele zilizonyolewa vizuri. Paji la uso. Nyusi. Ikasimama hapo. Chini pote rangi ya majivu.

"Endelea," mama akasema.

"Ndiyo yote, mama. Iliyobaki, mahali pake pamekaliwa."

"Na nani?"

Fundi akachomoa bisibisi sikioni, akairudisha. Mama hakuondoa mkono mezani. Mwisho fundi akasema, "Na zile zilizoingia jana. Ile harusi."

Yule bwana akaanza, "Mama, naomba unisa..."

"Nitolee hicho kipande."

"Mama..."

"Nitolee."

Akakichapa kwenye karatasi, akampa. Jumapili msalaba ukasimama na paji la uso na nyusi. Ndugu wakauliza macho ya mtoto yako wapi. Mama akajibu, "Yako studio."

Haya. Msinitazame hivyo, hamjafiwa ninyi. Tuulizane.

Yule bwana alimchukia Ambakisye? Hakumchukia. Angemchukia walau angemkumbuka. Yule wa ng'ambo aliyemchukia, ndiye alimtunza picha kwa picha, hata moja haikupotea. Mtoto aliyekabidhiwa ndiye aliyemmwaga. Hebu niambieni kama hiyo si sura yetu.

Sisi tunajua tarehe jirani alipoezeka bati, hatujui tarehe mtoto wetu alipoanza kukohoa. Tunajua wifi amenunuliwa nini, na tumesahau mama mkwe amelala na njaa au ameshiba. Mimi mwenyewe Pasaka nilikaa kwenye benchi lile la tatu, nikahesabu vitenge vipya vya mwenzangu tangu Kwaresima. Tisa. Sasa niulizeni siku ile lilisomwa neno gani. Sijui! Niliondoka kanisani na vitenge tisa ambavyo si vyangu.

Tunapenda kusema wivu ni dhambi ndogo, eti hauibi, haupigi, haumwagi damu. Ndugu zangu, wivu hauna haja ya kumpiga mtu. Unataka mahali pa kukaa tu. Na mahali petu ni padogo, hatukujengewa vyumba vya wageni humu ndani. Huyo unayemwonea wivu akiingia, yupo wa kwako anayetoka, na anatoka kimya, hagongi mlango, hasemi kwaheri. Utamtafuta siku utakayomhitaji na utakuta paji la uso.

Kwa hiyo sikuulizi unamwonea nani wivu. Huyo unamjua, umekuja naye mpaka hapa, mmekaa benchi moja. Nakuuliza umemtoa nani ili yeye apate nafasi. Nenda nyumbani, mtafute leo hii, kabla hajakaliwa.

Na wewe unayemgeukia jirani yako uone kama yamemchoma, rudisha shingo. Nasema na wewe.

Tusimame tuombe.