Injinia Aliyejifungia Nje

Isome taratibu hata kama una haraka, halafu mrushie yule rafiki yako anayependa kusema "mimi huwa sikosei".

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo mpaka vyura wakaomba poo. Bwawa likafurika. Lango lake la kutolea maji liliendeshwa na kompyuta, seva ya Linux iliyokaa kwenye kibanda juu ya ukuta wa bwawa. Mafundi walikuwa mjini, kilomita sitini, wakitumia programu ya kuiona skrini yake kutoka mbali.

Asubuhi hiyo skrini haikutokea. Kila wakijaribu, jibu lile lile: muunganisho umekataliwa.

Simu ikalia. Ni Kajange, mlinzi wa bwawa.

"Jamani, kivuko cha kwenda kibandani kimezolewa. Imebaki shubiri moja maji yapite juu ya ukuta. Mnafungua, au nianze kuogelea?"

"Vuta subira, kaka Kajange," akasema Tusekile, fundi wa zamu.

"Subira ninayo, dada. Maji ndiyo hayana. Mke wangu kajifungua juzi, na nyumba yetu iko chini ya ukuta huu huu!"

Tusekile akaingia kwenye seva kwa njia ya pili, ile ya kuandika amri tupu bila picha. Akakagua. Seva inapumua. Programu inafanya kazi. Tatizo lilikuwa kwenye kanuni za ulinzi wa mtandao: zilikuwa zimeufunga mlango wa programu ile. Akaanza kuandika, akisoma kila herufi mara mbili.

Nyuma yake alisimama mkubwa wake, Injinia Mwakalobo, mtu mwenye vyeti vingi hadi misumari ya ukutani ililalamika.

"Toka hapo! Unaandika kama unachambua mchele. Miaka ishirini sijakosea amri hata moja!"

"Bosi, ngoja nikwambie kwanza..."

"Utaniambia jioni. Toka!"

Akaketi. Vidole vikacheza ngoma. Akaiamuru seva ifunge milango yote, ili kisha aufungue ule mmoja anaoutaka. Seva ikatii. Ikafunga yote, pamoja na ule alioingilia yeye.

Skrini ikaganda. Akabonyeza tena. Kimya. Njia ya pili nayo imekufa.

"Vimebaki vidole vinne!" Kajange alipiga kelele simuni. "Mmefungua?"

Mwakalobo aliendelea kubonyeza.

"Mbona mmenyamaza kama mmefiwa? Bado sijafa, semeni!"

Jasho lilimtiririka Mwakalobo mpaka kwenye tai. Akanong'ona, "Nimeua watu."

Tusekile hakumtazama. Alikuwa akitazama saa.

"Dakika tatu, bosi."

"Za nini? Za kusali?"

"Sali pia, haidhuru."

"Vidole viwili!" ikasema simu. Kisha sauti ikapungua. "Dada, kidole kimoja."

Mara skrini ikazinduka. Tusekile akamsogeza mkubwa wake kwa kiwiko, akaandika amri yake, akaufungua mlango wa programu. Picha ya seva ikatokea. Akabonyeza kitufe cha lango.

Simuni ukasikika mngurumo, kisha Kajange akilia na kucheka kwa pamoja. "Yanashuka! Jamani, yanashuka!"

Mwakalobo alikuwa bado ameshika kingo za meza. "Seva imejifunguaje?"

"Niliiambia kabla sijagusa kitu: baada ya dakika kumi, rudisha kila kitu kilivyokuwa, isipokuwa mimi mwenyewe nikukataze."

Mkubwa akanuna. "Kwa hiyo ulijua kwamba nitakosea?"

"Hapana, bosi. Niliiweka kwa ajili yangu. Sikujua kwamba utakaa wewe."

Funzo: Kabla hujagusa kitu kinachobeba maisha ya watu, jiwekee njia ya kurudi; anayejiona hakosei hurudishwa na aliyejua kwamba yeye mwenyewe hukosea.