Ndege Hakosei

Huko Lushoto palikuwa na mjane, Nakiete, aliyeishi kwa mti mmoja wa plamu. Msimu ulipokaribia, jirani yake tajiri, Mzee Shekidele, akaja na fimbo.

"Matawi yameingia kwangu. Mwaka huu nachuma zote."

"Sawa, baba. Ila funika mti kwa wavu, ndege watakumalizia."

Tajiri akanunua wavu, akaufunika mti wote. "Nitajuaje zimeiva?"

"Ngoja ndege adonoe ya kwanza. Ndege hakosei."

Kila asubuhi akauliza kutoka dirishani kwake, "Amedonoa?"

"Bado, baba."

Wiki ya tatu akakuta mti mtupu.

"Plamu ziko wapi?"

"Ziliiva juzi, baba. Nimeshaziuza gulioni."

"Mbona ndege hakudonoa?"

"Angepitia wapi, baba, na wavu wako ulivyo mzuri?"