Mama Aliyekosa Jina la Kuitwa

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wenye watoto wadogo wapakateni, maana habari hii si ndefu lakini inataka utulivu. Ni mfano tu. Msiniulize baada ya ibada kama ni wa kijiji gani. Ila kama umekulia huku kwetu Ugogo, utaona kama vile huyu mama unamfahamu.

Palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Nyemo. Desturi yetu mnaijua. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, kijiji kizima kinamwita kwa jina la mtoto, na lile jina lake la usichana linasahaulika. Ukimuuliza jirani yake wa miaka mingi, "Hivi Mama Nyemo anaitwa nani hasa?" jirani anabaki kukuna kichwa. Mume wake alifariki Nyemo akiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo wakabaki wawili, mama na binti yake. Wakalima pamoja karanga na uwele, wakateka maji pamoja, Jumapili wakaja kanisani pamoja, mmoja kashika Biblia na mwingine kashika vitabu vya nyimbo.

Nyemo alipofika darasa la saba, mvua zilipokuwa zimekolea, akaugua homa. Mnamjua wenyewe mtoto wa homa, asubuhi anacheka, jioni hawezi kuinua shingo. Majirani wakambeba kwenye kitanda kumpeleka hospitali, lakini korongo lilikuwa limejaa maji hata ng'ombe hawakuthubutu kuvuka. Wakasubiri ng'ambo hii mpaka maji yapungue. Yalipopungua, mtoto alikuwa amekwisha kufa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo wengi wetu tunakosea na hatujui kama tunakosea.

Walimzika yule binti, watu wakalia naye, wakakaa matanga, wakaondoka. Kisha mama akaanza tena kutoka nje. Anakutana na mwenzake kisimani, mwenzake anaanza, "Habari za asubuhi, Mama Ny..." halafu anameza neno. Amwite nani? Akimwita Mama Nyemo anaona anamchoma. Asipomwita hivyo, hana jina lingine. Basi wengine wakawa wanamwita "mama" tu. Wengine wakasema "yule aliyefiwa." Wengine walipomwona kwa mbali wakapita njia nyingine, si kwa ubaya, kwa kukosa la kusema. Na jina la Nyemo halikutajwa tena na mtu yeyote. Walidhani wanamhurumia.

Wewe ungemwita nani? Na kama ndiwe mama huyo, ungejiita nani?

Siku moja alikwenda kwa Mama Lameki, mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa lao. Alikuwa amebeba kitenge chake cha sare, amekifua, amekikunja vizuri. Akasema, "Dada yangu, nimekuja kurudisha hiki."

Mama Lameki akauliza, "Kuna aliyekuudhi?"

"Hakuna. Ila huu ni umoja wa akina mama, na mimi si mama tena. Nikikaa pale nawatesa. Mkiwa na furaha ya mtoto wa mtu, mnanitazama mimi kwanza kabla hamjacheka. Nimeona."

Mama Lameki hakubishana naye. Wala hakumsomea mstari wa kumfariji, na angeweza, maana anaijua Biblia kuliko mimi. Akasema, "Kitenge kiweke hapo. Tutazungumza siku nyingine. Ila nina shida, unisaidie. Bibi Damari yuko ndani siku hizi, kumbukumbu zimemtoka. Binti yake Marita anataka kwenda kupalilia na hana wa kumwachia. Ungekuwa unakwenda kumnywesha uji asubuhi."

"Bibi Damari hawatambui hata wanawe. Atanitambua mimi?"

"Hatakutambua," Mama Lameki akasema. "Ndiyo maana nakuomba wewe. Pale hakuna atakayekutazama kwa huruma."

Basi akaenda.

Marita alimpokea mlangoni, jembe liko begani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usijisikie vibaya akikufukuza. Mimi niliyetoka tumboni mwake ananiita dada yake. Mume wangu anamwita bwana shamba." Akaondoka zake, na yule mama akaingia.

Bibi Damari alikuwa amekaa juu ya ngozi, miguu ameinyoosha, mdogo kama mtoto. Akainua macho. Akamtazama sana. Kisha akasema, "Roda."

Ndugu zangu, yule mama aliweka bakuli la uji chini. Tangu mama yake mzazi azikwe, hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo. Roda ndilo jina alilobatizwa, akiwa msichana mdogo wa kuchunga ndama. Na aliyesimama naye siku hiyo kwenye maji ya ubatizo, akamshika mkono kwa sababu alikuwa anaogopa, alikuwa huyu Bibi Damari. Ndiye mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyemfundisha kusali. Ugonjwa wa bibi ulikuwa umefuta mambo ya karibuni yote, wajukuu, wakwe, hata kifo cha mumewe, lakini ya zamani ulikuwa bado haujayafikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, Roda? Mama yako hakupi uji?"

Akacheka kidogo, akakaa, akaanza kumnywesha. Katikati ya uji bibi akauliza, kama wazee wanavyouliza, "Umeshaolewa? Una watoto?"

Nje kuku wanapekua. Roda akasema, "Nilikuwa na mmoja. Anaitwa Nyemo. Alifariki."

Bibi akaweka mkono wake kwenye shavu la Roda. Akasema, "Pole, mwanangu. Alikuwaje, huyo Nyemo?"

Alikuwaje. Katika kijiji kizima hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Walimuuliza aliugua nini. Walimuuliza walichelewa wapi. Roda akafungua mdomo na mambo yakamtoka. Kwamba Nyemo alikuwa na mguu mwepesi kama swala. Kwamba alikuwa anaongea na mbuzi. Kwamba hakupenda mboga ya mlenda kabisa, na bibi akasema kwa mshangao, "Mgogo gani huyo asiyependa mlenda?" Wakacheka wote wawili, na kicheko kikageuka kilio, na yule bibi mdogo kama mtoto akamkumbatia mwanamke mzima, wakalia mpaka uji ukapoa.

Sasa kesho yake Roda akarudi. Bibi akamwona, akafurahi, "Roda." Uji ukaanza. Na bibi akauliza, "Umeshaolewa? Una watoto?"

Alikuwa amesahau.

Mnalionaje hilo? Roda alisimama na kijiko mkononi, hasira ikampanda. Akafikiri, nimwambie sina, yaishe. Uongo mdogo tu, kwa mtu ambaye kesho hatakumbuka. Lakini neno "sina" halikutoka. Akasema, "Nilikuwa na mmoja. Anaitwa Nyemo. Alifariki." Na bibi akalia kama aliyepata habari hiyo saa ile ile, na akauliza tena, "Alikuwaje?"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanzoni ilikuwa kama kutonesha kidonda. Baadaye Roda akajikuta njiani anachagua, leo nitamsimulia lipi? Nitamsimulia siku Nyemo alipoanguka kwenye pipa la maji. Nitamsimulia alivyosinzia kwenye mahubiri, mdomo wazi. Mahali pengine pote jina la mtoto wake lilikuwa limezikwa, lakini katika nyumba ile lilikuwa linatamkwa kila siku, na kuna mtu alikuwa analilia kana kwamba ni jana. Roda akaanza kula. Akaanza kulala usingizi. Akasema moyoni, angalau yuko mtu mmoja duniani anayejua mimi ni nani.

Ningeweza kuishia hapo nanyi mkasema, haleluya, mama amefarijiwa. Lakini haikuishia hapo.

Mavuno yalipoingia, bibi akaanza kudhoofika. Asubuhi moja Roda aliingia na uji kama kawaida. Bibi akamtazama sana, kama siku ile ya kwanza. Kisha akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akasema, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, bibi. Roda."

"Simjui Roda."

Roda alitoka nje, akakaa chini. Marita alikuwa anapepeta mtama uani, akamwona uso, akaelewa. "Pole, dada," akasema. "Na mimi siku aliponisahau nilikaa hapo hapo ulipokaa wewe." Roda alikuwa anajiuliza swali ambalo na mimi nataka mjiulize. Wa kwanza aliyempa jina la kuitwa ni mtoto wake, naye amekufa. Wa pili aliyemrudishia jina ni huyu bibi, naye amesahau. Sasa nani amebaki? Kama kila anayenijua akiondoka, je, mimi bado ni mtu?

Alikaa pale hadi Marita akamaliza kupepeta. Sijui aliomba nini. Labda hakuomba chochote, kuna siku mtu hana maneno na Mungu anasikia hivyo hivyo. Ninachojua aliinuka, akapasha uji moto, akaingia tena. Akapiga magoti kwa mbali, asimtishe. Akasema polepole:

"Mimi ni Roda. Nilibatizwa katika kanisa lile la mlimani. Ni mtoto wa Mungu."

Bibi akamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu, hofu ya mtoto aliyepotea sokoni. Akauliza, "Na mimi? Mimi ni nani?"

"Wewe ni Damari. Nawe ni mtoto wa Mungu."

"Nani kakwambia?"

Roda akasema, "Wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Bibi akatikisa kichwa. "Nimesahau."

"Usiogope, bibi. Yeye hajasahau."

Na bibi akatulia, akafungua mdomo, akanywa uji.

Kuanzia siku ile hadi Bibi Damari alipofariki, baada ya mavuno, ndivyo Roda alivyoingia nyumba ile. Bibi hakumtambua tena hata mara moja. Lakini kila asubuhi aliuliza, "Mimi ni nani?" na kila asubuhi alikuwepo wa kumjibu. Walipomzika, Marita alisema mbele ya watu kwamba mama yake alikufa hana hofu. Na Roda hadi leo anakwenda katika nyumba za wazee wa namna ile, na kwa wafiwa, anakaa nao, anawauliza, "Alikuwaje?" Wengine wanamwita Roda, wengine wamepata ujasiri wa kumwita tena Mama Nyemo. Anaitika yote.

Sasa niseme na sisi.

Sisi wengi tumening'inia kwenye vitu vizuri. Mimi ni mama fulani. Mimi ni mwalimu. Mimi ni mume wa mtu, nina duka, nina ng'ombe, nina sauti kwenye kwaya. Si dhambi, ni vipaji vya Mungu. Lakini ndugu yangu, siku mtoto akifa, siku kazi ikikoma, siku sauti ikikauka, utakuwa nani? Na hata wale wanaotupenda na kutukumbuka, nao ni udongo. Mungu mwenyewe kwa kinywa cha nabii alisema kwamba mama anaweza kumsahau hata mtoto anayenyonya, lakini yeye hatusahau, ametuchora katika vitanga vya mikono yake. Na mikono hiyo sisi tunaijua. Ina makovu ya misumari. Jina lako liko pale. Homa haifiki pale, wala uzee.

Nanyi mnaoniuliza kila siku, "Mchungaji, Mungu aliniumba nifanye nini? Kusudi langu ni lipi?" mtazameni Roda. Alitaka kujiondoa kwa sababu hana kitu tena. Kumbe alikuwa na jambo moja ambalo mzee aliyejaa hofu alilihitaji kuliko uji. Alijua yeye ni wa nani, na kwa sababu alijua, aliweza kumwambia mwenzake. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa, wapendwa. Siku unayosahau wewe, nikukumbushe mimi. Siku nitakayosahau mimi, na itakuja, msinipite njia nyingine. Njooni mnikumbushe.

Najua kuna mmoja amekuja leo hajui tena aitwe nani. Sitakuuliza uinue mkono. Watu watakapotoka, wewe baki hapo hapo kwenye benchi lako. Tutakuja tukae nawe, tukwambie.