Mzinga Uliomrudishia Fisi Nguvu Zake

Nikisema "Nasema!", nyinyi semeni "Mwongo!"

Nasema!

Mwongo!

Nasema tena!

Mwongo mkubwa!

Haya. Mbishi akae mbele, nimwone anavyofunga mdomo. Kata nzima hakuna anayenishinda kusimulia!

Zamani, zamani ile ya kweli, Fisi alimbana Digidigi chini ya mgunga. Pale kwenye tawi ulining'inia mzinga wa nyuki, gogo tupu lisilo na nyuki, kwa kamba ndefu.

"Leo nakula!" akasema Fisi.

"Kula, bwana mkubwa. Lakini watakucheka. Watasema umeshinda kitoto cha swala. Mimi na udogo huu nasimama mbele ya mzinga ukinijia, bila kurudi nyuma. Wewe huwezi. Ukiweza, unile."

"Nani hawezi? Mimi?"

Digidigi akauvuta mzinga kwa meno mpaka ukamgusa pua. Hakuusukuma. Akauachia tu, akaimba:

*Kimo kiwe mbio, mbio ziwe kimo,*
*Nilichokupa ndicho ulicho nacho!*

Mzinga ukashuka, mbio zikazidi. Ukapita chini, vuuu! Ukapanda upande wa pili, mbio zikapungua, zikaisha. Ukageuka. Vuuu! Ukamjia, ukamjia... ukakoma unywele mmoja kabla ya pua!

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

Fisi akaangua kicheko. "Ndiyo hiyo tu? Unauachia kama mgonjwa!"

"Sina nguvu za kuusukuma, bwana mkubwa. Kwani wewe unazo?"

Weee! Fisi huyo, akauweka puani, akausukuma kwa nguvu zake zote. Mzinga ukaenda juu kuliko alikoutoa. Fisi kasimama, kidari mbele, anajichekea. Mzinga ukarudi na kimo alichoupa, na nguvu zake juu yake. Paa! Meno huku, Fisi kule, kichwa ndani ya miiba. Digidigi hata hakuaga.

Basi sikieni: kitu ukikiachia, kitarudi pale ulipokiachia, hakizidi. Ukikisukuma kwa majivuno, majivuno yako yatakukuta umesimama njiani.

Hadithi imepanda, imeshuka. Tamu chukueni, chungu niachieni.

Ngojeni, msiinuke. Kuna kipande nimekiruka. Digidigi alijua mzinga hautamgusa, lakini miguu yake haikujua. Alifumba macho mara zote tatu, akajikojolea mpaka kwenye kwato. Fisi hakuona, alikuwa anatazama mzinga. Mimi niliona, nikanyamaza. Nampenda yule mdogo.